MWENDO WA KUTEREMKA MLIMA: KUTOKA MAKKA HADI MABATINI



Himidi zote anastahiki Allah Mtukufu, aliyetuumba akatusimamisha wima juu ya miguu miwili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), watu wa nyumba yake na Maswahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, baada ya darsa ya Maghrib hapa Mabatini ndugu yetu mmoja alinisubiri nje, pale tunapovalia viatu. Ni mtu wa mitumba. Kila asubuhi anabeba mzigo wake begani, anashuka kuelekea Mlango Mmoja, anazunguka mitaa hadi jua linazama. Akaniambia: "Sheikh wangu, nimepimwa presha, iko juu. Daktari kanipa dawa na kaniambia nifanye mazoezi ya kutembea. Sasa mimi nitembee vipi tena? Mimi si natembea kutwa nzima?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu swali lake ni la kweli. Mtu anayetembea kutwa anaambiwa akatembee! Nilimwahidi nitaliandikia kwa kirefu, kwa sababu najua si lake peke yake. Utafiti mkubwa wa afya uliofanyika nchini kwetu mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu. Katika kila safu ya watu wanne wanaoswali, mmoja anayo, na wengi wao hawajui.

Jibu la swali la ndugu yetu lina historia ndefu. Kaa vizuri, nisome taratibu.

1. MWAKA WA SABA WA HIJRA: MAQURAISHI WANATAZAMA

Mwaka wa 6 Hijria Mtume (s.a.w) na Maswahaba walizuiwa kuingia Makka, ukaandikwa mkataba wa Hudaibiya. Mwaka uliofuata, wa 7 Hijria, sawa na mwaka 629 Miladia, wakarudi kufanya Umra waliyoikosa. Maquraishi wakatoka, wakakaa pembeni kuwatazama. Na maneno yakawa yameshasambaa kati yao kwamba watu hawa wamedhoofishwa na homa ya Yathrib, hawana nguvu tena. Yathrib ndiyo Madina, na homa yake ilikuwa inajulikana.

Mtume (s.a.w) akawaamuru Maswahaba wafanye nini? Wasijibu kwa maneno. Katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu waende kwa ramal: hatua fupi fupi, za haraka, mabega yakitikisika, mwendo wa mtu mwenye nguvu. Ila wakifika kati ya Rukni Yamani na Jiwe Jeusi watembee mwendo wa kawaida, kwa sababu hapo Maquraishi walikuwa hawawaoni. Kisha mizunguko minne iliyobaki waende kawaida. Maquraishi wakaona, wakaambizana kuwa hawa wana nguvu kuliko walivyodhaniwa.

Habari hii imepokewa na Ibn Abbas (r.a) katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Na Ibn Abbas anaongeza jambo ambalo wengi hulipita: kwamba kilichomzuia Mtume (s.a.w) asiwaamuru waende kasi mizunguko yote saba ni kuwahurumia. Zingatia hapo. Walitoka safarini, wamechoka. Akawapa kasi, akawapa na mapumziko. Kasi kidogo, pumzi kidogo, kasi tena.

Miaka mitatu baadaye, katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Makka ilikuwa ya Waislamu, hakuna adui aliyekaa kutazama. Mtume (s.a.w) akafanya ramal tena katika mizunguko mitatu, safari hii kutoka Jiwe Jeusi mpaka Jiwe Jeusi. Na Umar ibn al-Khattab (r.a) katika zama zake alijiuliza waziwazi: ramal ya nini sasa, na washirikina wamekwisha? Akajijibu mwenyewe kwamba jambo alilolifanya Mtume (s.a.w) hawapendi kuliacha. Ndiyo maana mpaka leo hii mahujaji wanaume wanakaza mwendo pale.

Tanbihi: sisemi kuwa tawafu iliwekwa iwe mazoezi ya mwili. Ibada ni ibada, tunaifanya kwa kuwa tumeamrishwa. Ninachosema ni kwamba Uislamu haukuona aibu Muislamu aonekane ana nguvu, na nguvu hiyo ilionyeshwa kwa miguu, kwa mwendo tu.

2. MTUME (S.A.W) ALITEMBEAJE?

Ali ibn Abi Talib (r.a) aliishi naye tangu utotoni. Alipomsifu, katika riwaya aliyoipokea Tirmidhi, alisema maana yake ni kwamba alikuwa akitembea kama mtu anayeshuka kutoka mahali pa juu. Sisi wa Mabatini hatuhitaji tafsiri ya hadithi hii. Tunakaa juu ya mawe. Ukishuka kutoka kwenye nyumba za juu kule kuja barabarani, mwili unaegemea mbele, unanyanyua mguu, huwezi kuuburuta maana utajikwaa. Basi yeye alikuwa akitembea hivyo hata kwenye tambarare.

Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, katika kitabu chake Zad al-Ma'ad alizihesabu aina kumi za mwendo wa binadamu. Akaulaumu mwendo wa mtu anayekwenda kama gogo linalobebwa. Akaulaumu pia mwendo wa pupa, wa mtu anayetapatapa kama ngamia aliyeshtuka. Mwendo wa sifa ni ule wa katikati: wa utulivu usio na kiburi wala unyonge, wenye nguvu ndani yake. Na Qur'ani imetukataza tusitembee juu ya ardhi kwa majivuno, na Luqman akamuusia mwanawe awe wa wastani katika mwendo wake.

Tena ilikuwa desturi ya Mtume (s.a.w) kwenda msikiti wa Quba kila Jumamosi, wakati mwingine juu ya mnyama, wakati mwingine kwa miguu. Kutoka msikiti wake hadi Quba ni takriban kilomita 3 na nusu. Kwenda na kurudi ni kilomita 7. Alikuwa mtu mzima, kiongozi wa umma, mwenye wanyama wa kupanda, na bado miguu yake ilikuwa na zamu.

3. BABU ZETU NA MZIGO WA FRASILA MBILI

Tuje kwetu. Kabla ya reli, bara hili lilifunguliwa na miguu ya Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa pwani. Mpagazi wa msafara alibeba mzigo uliofika hadi frasila mbili, kama kilo 32, pembe au vitambaa, kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyopitisha Uislamu Tabora na Ujiji, na kwa njia zake ukafika huku ziwani. Dini yetu ilikuja huku kwa miguu, tusisahau.

Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza Speke alitoka Kaze, ndiyo Tabora, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa akiwa hapa Mwanza. Vitabu vinamtaja yeye. Lakini aliyekuwa naye ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Bombay baadaye aliongozana na Stanley mwaka 1871 kwenda Ujiji, kisha na Cameron kutoka pwani yetu mpaka bahari ya Atlantiki. Ukizijumlisha safari zake, ni maelfu ya kilomita.

Mwaka 1875 Stanley mwenyewe alifika ziwani, kijiji cha Kageyi upande wa Ghuba ya Speke, baada ya kutoka Bagamoyo. Alikuwa na vifaa vya kuhesabia hatua, akaandika kuwa njia ilikuwa maili 720, kama kilomita 1,160, na siku zilikuwa 103. Na wapagazi walikuwa wamebeba vipandevipande mashua nzima, Lady Alice, wakaja kuiunganisha hapa. Gawanya: ni kilomita 11 kwa siku, pamoja na siku za mapumziko, magonjwa na mapigano. Hawakwenda mbio. Lakini aliyebeba kilo 30 akipanda kilima, moyo wake ulikuwa unafanya kazi kweli.

Hapa pana fundisho la kwanza kwa ndugu yetu wa mitumba: uzito na mlima vinaweza kushika nafasi ya kasi. Na kwa sababu hii nawaambia wanaume wa Mabatini jambo moja. Mkeo anayepandisha ndoo ya lita 20 kwenye mawe yale mara nne kwa siku, usimwambie afanye mazoezi. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature liliandika juu ya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu wa Kenya wanaobeba mizigo kichwani na mgongoni kwa ustadi ambao uliwashangaza wapimaji: mzigo wa moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei nguvu wanazotumia. Lakini ustadi una mwisho, na ndoo ni nzito. Huyo anahitaji msaada na mapumziko. Mchukulie ndoo mbili wewe. Utapata thawabu, utapata na mazoezi.

4. MWALIMU ANAINGIA KWA BARABARA YA MUSOMA

Wazee wangu wa hapa mnalikumbuka hili. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Vijana wakaanza kutembea kwa miguu kutoka mikoa mbalimbali kuliunga mkono. Mmoja wao, kijana Seti Benjamin, alifariki njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na jina lake likabaki katika historia ya nchi.

Oktoba mwaka huohuo mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa Mwanza. Rais Julius Nyerere, akiwa na miaka 45, hakuja kwa gari. Alitoka kijijini kwake Butiama akaja kwa miguu. Zaidi ya maili 130, yaani zaidi ya kilomita 200, kwa siku takriban nane. Ni wastani wa kilomita 26 au 27 kwa siku, jua la Oktoba, rais wa nchi.

Barabara ya kutoka upande ule inapita Bunda, Lamadi, Magu, Kisesa, kisha Igoma, Nyakato, na inaingia mjini kwa kupita hapahapa Mabatini. Leo sehemu hii tunaiita Barabara ya Nyerere. Ukisimama kituo cha daladala pale, unasimama kwenye mlango ambao Mwanza imepokelea wageni wa upande wa Musoma miaka yote. Na sisi pale kituoni tunagombania bodaboda ya kutupeleka mwendo wa dakika kumi.

Mwalimu hakuwa wa dini yetu, na sikumtaja kwa siasa. Nimemtaja kwa sababu hekima ni mali ya muumini iliyopotea, popote aipatapo huichukua. Alijua kwamba kiongozi anayewaambia watu wajitegemee lazima waone vumbi miguuni mwake.

5. TULIPOKAA CHINI

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kuja Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mzigo uliobebwa na mabega mamia ukaingia behewa moja. Alhamdulillah, hakuna anayetamani upagazi urudi. Ulikuwa na mateso mengi. Kisha zikaja baiskeli, zikaja daladala, ikaja bajaji, ikaja bodaboda inayokufuata mpaka mlangoni.

Hakuna dhambi katika kupanda. Allah ametutajia wanyama wa kupanda katika neema zake. Tatizo ni kwamba tumeondoa jasho bila kuweka kitu mahali pake. Mwili uliozoea karne nyingi za kutembea tumeukalisha kwa miaka hamsini tu.

Wapo jirani zetu ambao hawajakaa. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, si mbali sana na Usukuma, walipimwa na watafiti, na matokeo yakatolewa mwaka 2017: kwa wastani wana dakika 135 kwa siku za shughuli ya kiwango cha kati au cha nguvu, na dalili za maradhi ya moyo kwao ni chache mno. Wazee wao pia wanatembea.

6. DEREVA NA KONDA

Sasa tufike kwenye jibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alijiuliza kwa nini maradhi ya moyo yanazidi. Akawatazama watu wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda wanafanya kazi basi moja, saa zilezile, wanatoka mitaa ileile. Tofauti yao: dereva amekaa, konda anapanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima akikata tiketi. Mwaka 1953 alichapisha matokeo katika jarida la The Lancet: makonda walipatwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na walipopatwa hawakufa haraka kama wenzao.

Mtu mkweli hujikosoa mwenyewe. Morris akaenda kukagua vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vinene tangu siku ya kuajiriwa. Tena hakutosheka na mabasi. Aliangalia pia watu wa posta, wapeleka barua na makarani, akakuta mfano uleule. Akawafuatilia kwa miaka mingi watumishi wa serikali wanaofanya kazi mezani, na mwaka 1990 akaandika kuwa waliokingika zaidi ni wanaofanya zoezi la nguvu, na miongoni mwa watembeaji, wale wanaosema mwendo wao ni wa haraka, zaidi ya maili 4 kwa saa. Mwenyewe aliishi hadi miaka 99.

Umeona, ndugu yangu wa mitumba? Kutembea kwako kutwa si bure. Ni bora mara nyingi kuliko kukaa, na Allah akulipe kwa kutafuta halali. Lakini hatua kumi, unasimama. Mteja anapekua, unasubiri. Hatua ishirini, unasimama tena. Miguu imechoka jioni, lakini moyo haukuwahi kuambiwa "kaza" hata mara moja. Moyo ni msuli. Ukiubebesha kidogo zaidi ya ulivyozoea, unapata nguvu, unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na mishipa inalegea. Usipoubebesha, unabaki pale ulipo.

Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun, alipozitaja aina za mazoezi aliutaja mwendo wa haraka miongoni mwake. Wajapani wakaja kulipima. Chuo Kikuu cha Shinshu walichukua watu wa umri wa miaka sitini na kitu, wakawafuatilia kwa miezi mitano, wakachapisha mwaka 2007. Kundi moja lilitembea kwa wastani, hatua 8,000 na zaidi kwa siku. Kundi jingine lilitembea dakika 3 kwa kasi, dakika 3 taratibu, likirudia mara tano au zaidi, siku nne au zaidi kwa wiki. Waliochanganya kasi na pumziko ndio walioongezeka nguvu za mapaja na uwezo wa moyo na mapafu, na presha yao ilishuka zaidi.

Kasi kidogo, pumzi kidogo, kasi tena. Nikisoma haya nakumbuka huruma ya Mtume (s.a.w) kwa Maswahaba pale kwenye Kaaba. Sisemi hadithi ilikuja kufundisha sayansi. Nasema rehema hailingani na uzembe, na hailingani na kujikomoa pia.

Na ile namba ya hatua 10,000 ambayo simu zinatudai? Ilitoka Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, halikutoka maabara. Ni namba nzuri, lakini usiifanye faradhi.

7. UTAJUAJE KWAMBA UMEKAZA?

Huhitaji saa ya bei. Chukua vipimo viwili.

Kwanza, ulimi wako. Ukiwa unatembea na unaweza kuimba kaswida vizuri, bado uko taratibu. Ukiweza kuzungumza lakini kaswida inakukatika pumzi, umefika kiwango cha kati. Ukiweza maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, hicho ni kiwango cha nguvu.

Pili, hesabu. Wataalamu wanasema kwa mtu mzima hatua 100 kwa dakika ni kiwango cha kati, na takriban 130 ni kiwango cha nguvu. Hatua 100 kwa dakika ni hatua 25 kwa sekunde 15. Ukitaka kupima siku moja, chukua tasbihi yako yenye punje 99, sogeza punje moja kwa kila hatua. Ikiisha ndani ya dakika, uko sawa. Fanya hivyo kama kipimo tu, mara moja. Usizushe kuwa ni dhikri yenye fadhila maalumu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wiki dakika 150 hadi 300 za kiwango cha kati, au 75 hadi 150 za nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Huhitaji kuzipata kwa mkupuo. Ndugu yangu wa mitumba, anza hivi: asubuhi ukiwa unashuka kabla hujaanza kuuza, kaza mwendo dakika 3, legeza 3, mpaka ufike. Jioni mzigo umepungua, ukipandisha nyumbani kwenye mawe, panda bila kusimama kwa kadiri unavyoweza. Mlima wetu huu ambao tunaulalamikia ni gimu ya bure. Wewe unayepanda daladala, shuka kituo kimoja kabla.

8. LAKINI HARAKA HARAKA HAINA BARAKA?

Najua mtaniletea methali. Na mwenye elimu ataniletea zaidi ya methali: ataniambia Mtume (s.a.w) alikataza kukimbilia swala, akaagiza tukisikia iqama tuende kwa utulivu, tutakachokidiriki tuswali, kilichotupita tukamilishe. Ni kweli, iko katika Sahihi mbili, na wala sitaki kesho nione vijana wanaingia msikitini wanahema, wakisema sheikh katuruhusu!

Kwa hiyo tuelewane. Kwenda swala, nenda kwa sakina. Toka nyumbani mapema, usingoje iqama. Banu Salima waliokuwa wakikaa mbali walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w), akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Kila hatua ya kwenda swala inafuta kosa na inapandisha daraja. Hatua hizo zitembee kwa heshima yake. Kukaza mwendo weka wakati wa kurudi, na katika shughuli zako nyingine. Fajiri ukitoka msikitini hewa ni nzuri, barabara haijajaa, unayo nusu saa kabla ya kazi. Wengi wetu tunairudishia kitandani.

Dada zangu, na nyinyi mna haki hii. Tembeeni wawili watatu, mahali pa salama, kwa stara yenu. Mama Aisha (r.a) alishindana mbio na Mtume (s.a.w), akamshinda mara moja na akashindwa mara nyingine. Mume anayemzuia mkewe kutembea kwa afya yake na yeye mwenyewe hatembei, ajitafakari.

Na mgonjwa asiniweke mimi mahali pa daktari. Dawa ya presha usiiache kwa sababu umeanza kutembea. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inakata kwa namna usiyoizoea, simama, nenda hospitali. Mwenye magoti mabovu atembee tambarare kwa kadiri yake. Wajawazito na wazee waanze kwa dakika chache. Kuuhifadhi mwili ni amana, na kuuumiza kwa pupa ni kuikhini amana hiyohiyo.

9. KWA KUMALIZIA

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w) alitufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri. Nilikuwa nikiifikiria hadithi hiyo naiona ya vijana. Siku hizi nawaona wazee wa swafu ya kwanza waliokuwa wakishuka kutoka kwenye mawe kwa Fajiri, mmoja baada ya mwingine wanahamia kwenye kiti, kisha wanahamia nyumbani, kisha tunawabeba sisi. Ajali ni ya Allah, haisogei mbele wala nyuma. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna sijida ambazo tungeweza kuzisujudu kwa magoti yetu wenyewe. Hizo ndizo ninazozililia.

Maquraishi walikaa kututazama wakisema homa imewamaliza. Leo wanaotutazama ni watoto wetu, na maradhi yanayotusubiri ni presha na kisukari. Tuwaonyeshe mwendo.

Ndugu yangu wa mitumba, hilo ndilo jibu lako. Alhamisi baada ya Fajiri nitakusubiri palepale tunapovalia viatu. Tutashuka pamoja mpaka barabarani, tukaze dakika tatu, tulegeze dakika tatu. Tuone nani ataanza kuhema. Nahofia nitakuwa mimi.

Ewe Allah, tupe afya katika miili yetu, masikio yetu na macho yetu. Ifanye miguu yetu itembee kuelekea yale unayoyaridhia, uithibitishe juu ya Sirati siku miguu itakapoteleza. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia. Aamin.

Niliyopatia ni kwa tawfiki ya Allah, niliyokosea ni yangu na shetani. Ukimjua aliyepimwa presha na hajui aanzie wapi, mfikishie.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.